Matamvua Yaliyosukwa

Jumamosi saa nne asubuhi Irine alikuwa anabadilisha maji ya aksolotli wake, mnyama wa majini mfano wa mjusi, huko kwao nje kidogo ya Kendu Bay, akaona matamvua yamesukwa. Matamvua ni yale manyoya mekundu ya kupumulia yanayotoka shingoni, matatu kila upande. Yote sita yalikuwa yamesukwa vizuri, ncha zimefungwa na uzi mweusi. Mwili, uliokuwa mweupe tangu amnunue, ulikuwa umegeuka buluu yenye vidoti.

Alipiga picha akamtumia Zubair, aliyemuuzia.

"Hiyo ni maji chafu, dada," Zubair akajibu kwa voice note. "Matamvua ikijikunja, pima maji. Hiyo uzi sijui."

Irine akapima. Maji yalikuwa sawa. Lakini mnyama alikataa chakula siku nne, akaanza kukonda, na Irine hakuwa na mwingine wa kumwambia ya moyoni hapo nyumbani.

Siku ya tano dani, yaani nyanya yake, aliinama juu ya beseni.

"Hii samaki kamongo ya miguu inataka jina," akasema.

Kwao, mtoto akikataa kunyonya, anatajiwa majina ya waliokufa mpaka akubali moja. Kwa hivyo Jacktone, babake Irine, alileta kiti na bakuli ya omena, dagaa wa ziwani. Alitaja wazee wote waliozikwa ndani ya ua, halafu bibi zao. Aksolotli hakufungua mdomo.

"Wameisha," Jacktone akasema. "Si mlisema ni wa Mexico? Hajui watu wetu."

"Hujataja Auntie Metrine," Irine akasema.

"Metrine si wa ndani."

Metrine alikuwa dadake Jacktone. Ndiye alimlea Irine, akimsuka kila Jumapili jioni kabla ya shule, amejifunga leso ya buluu yenye vidoti. Alikufa bila kuolewa, basi akazikwa nje ya ua, vile desturi inasema. Huo ua alikuwa ameupanda mwenyewe.

"Metrine," Irine akaita.

Aksolotli akala omena saba.

Watu walifurahi sana. Dani alimuuliza Metrine, bintiye, kama maji hayakuwa baridi. Mama Cliff wa jirani alikuja kuomba msamaha juu ya sufuria aliyoazima 2019 akaitoboa. Metrine alipunga matamvua, mambo ya sufuria yakaisha.

"Sasa atoke kwa nyumba," Jacktone akasema. "Msichana hajaolewa, hawezi kaa ndani."

Jacktone alichimba kidimbwi nje ya ua, kando ya kaburi, akaweka karatasi ya plastiki, kivuli cha makuti na waya ya kuzuia paka. Kazi safi. Metrine akazunguka mara mbili, akatulia.

Irine, ambaye ana miaka thelathini na tatu na hana bwana, alikuja kuona.

"Baba, mbona kubwa hivi?"

"Nimekuachia nafasi," Jacktone akamwambia kwa upole, akampa jembe asawazishe upande wake.