Foto ya Kahindo

Buyi ya masoso, ule uji wa unga wa kuchanganya, ilikuwa imeshapoa, na Kahindo hakuwa amefikisha hata nusu ya kikombe. Papa yake, Hilaire, alichuchumaa mbele yake katika koridori ya hopitali na kipande cha mupira mukononi, ule mupira mwembamba wa serumu, wa kupitisha maji ya dawa, wenye muganga mumoja alimupa kwa huruma. Upande moja anautia ndani ya kikombe, upande mwingine anaupitisha kwa pembe ya mudomo wa mutoto, kule kushoto, kwa sababu kuume hakukuwa tena nafasi. Kuume kulikuwa ile kitu.

Ile kitu ilianza kama ndimu. Wakati ule walikuwa wangali kwao, katika muji wa Kiwanja, mama yake Kahindo angali hai, na watu walisema ni jino. Basi wakamung'oa jino. Halafu ikawa kama marakuja, lile tunda la pasheni. Vita ikawatoa Kiwanja, wakakimbia na nguo za mwilini tu, na ile valizi ya mashuka na ya mafoto ikabakia chini ya kitanda. Kufika Ndosho, hapa Goma, ikawa kama avoka, ni kusema parachichi, zile avoka kubwa za Rutshuru zenye mutu moja hamalize peke yake. Haikuwa na uchungu mingi. Ilikuwa inakula mufupa wa taya polepole tu, kama mugeni mwenye haongelee habari ya kurudia kwao.

"Meza kidogo tena, mama," Hilaire alimuambia.

"Papa, unanilisha kama ndama." Sauti yake ilitokea puani.

"Ndama hamujibu papa yake. Meza."

Hilaire alikuwa muponda mawe. Mawe ya Goma ni ile ya volkano, nyeusi, inakata mikono kama chupa, na yeye alikuwa anaiponda tangu afike Ndosho, anauzisha kwa wenye kujenga viyumba. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na kupasuka. Lakini ule mupira aliushika taratibu sana, kama mutu mwenye kushika yai.

Ilikuwa siku ya ine ya juma, siku ya kuoneshwa. Kila siku ya ine, mbele ya kazi kuanza, madokta wote wanakusanyika katika chumba kikubwa, na wagonjwa wenye ugonjwa wa ajabu wanaingizwa mbele yao. Kahindo walimuita kila mara wanafunzi wapya walifika. Siku ingine, wageni. Hakuzoea, lakini aliacha kulia.

Profeseri Ferdinand, mukubwa wa wapasuaji, alimusimamisha chini ya taa.

"Fungua mudomo, binti. Fungua kabisa. Muko munaona?"

Wanafunzi walisogea. Mumoja aliweka reglete ya kupima kwa shavu, mwingine akapiga foto, ya mbele, ya kando, ya ndani. Profeseri aliongea Kifaransa kirefu, halafu akatikisa kichwa kama mulimaji mwenye kuangalia maharagi yake imebeba vizuri.

"Kesi nzuri," alisema. "Kesi nzuri sana."

Inje, Kahindo alimuegemea papa yake.

"Papa, umesikia? Tangu nizaliwe hakuna mwanaume alishaniambia niko muzuri. Leo ni profeseri."

Hilaire alicheka, kwa sababu mutoto alitaka acheke.

Profeseri hakuwa mutu mubaya. Hapana. Alimupatia Hilaire mukono, alimuita kwa jina, akamufasiria kitu kwa kitu. "Papa Hilaire, ugonjwa huu, kwa ukubwa huu, hauonekane kila siku. Tunauandika. Wakubwa wa Ulaya watausoma, watakuja na ile chuma ya kuweka pahali pa taya. Sisi hapa hatuna. Tukiukata mbio mbio, watakuja kuona nini? Tuvumilie."

"Aksanti, Profeseri," Hilaire alijibu, kofia kwa mikono mbili.

Wakavumilia. Avoka ikawa papayi.

Kulikuwa dokta mumoja kijana, Julien, mutu wa kutembea haraka na kuongea kidogo. Alimukuta Hilaire nyuma ya hopitali, pahali wamama wanapikia wagonjwa, akachuchumaa karibu naye kama anatafuta moto wa sigara.

"Papa, sikia. Nilishafanya ya namna hii kule Beni. Bila chuma, uso wake utabonyea upande moja, sikudanganye. Lakini atakula. Atapumua. Ukingoja, ile kitu itafunga njia ya pumuzi. Umulete siku ya sita, ile ya posho, asubui. Profeseri anakuwa Gisenyi, kule Rwanda."

"Na yeye anajua?"

"Papa, umulete tu."

Sasa, Hilaire alikuwa mutu wa namna gani? Alikuwa mutu mwenye hapite mbele ya nyumba ya muzee bila kusimama na kusalimia, hata mvua inapiga. Kwao, hata mbuzi haichinjwe nyuma ya mukubwa wa famiye, nyama yake itakukaba. Na huyu ni mutoto, si mbuzi. Siku ya tano alivaa vesto yake, ile koti ya misa, akaenda kugonga mulango wa buro ya Profeseri.

"Profeseri, nakuja kuomba ruhusa. Sitake kufanya kitu nyuma yako."

"Kitu gani, papa?"

Akasema yote. Alisema na jina la Julien, tena alimusifu, kwamba ni mutoto wa roho nzuri. Profeseri alisikiliza bila kumukata. Halafu alisimama, akamushika mukono.

"Umefanya vizuri. Wewe ni mutu wa heshima."

Siku ya posho walifika mapema, Kahindo bila kukula, kama Julien aliagiza. Chumba cha operasio kilikuwa na kufuli. Walikaa kwa benchi mupaka jua la saa sita, halafu Kahindo akasema, "Papa, tuombe basi ile buyi."

Juma ingine Julien alitumwa kazi mbali, kule Walikale, kwa kituo chenye hakina hata kisu. Alipita kuchukua vitu vyake. Hilaire alisimama mbele yake, akavua kofia.

"Umulindie pumuzi yake, papa," Julien alimuambia, akapita. Afazali angemupiga kofi.

Halafu vita ikaingia muji, ndege zikaacha kushuka, na siku moja Profeseri akaja mwenyewe kwa kitanda cha Kahindo na makaratasi ya kungaa.

"Imetoka kwa gazeti la madokta. Ona, ni wewe."

Kahindo alikuwa anakaa tu, kulala hakuweza tena. Akaangalia. Shavu, mudomo wazi, yote ilionekana vizuri. Kwa macho walipitisha mustari mweusi.

"Ni kwa heshima yako," Profeseri alisema. "Watu wasikutambue."

Kahindo aliweka kidole juu ya ule mustari. "Yenye ilibakia yangu ndiyo mulifunika."

Profeseri alicheka kidogo. "Una kichwa, wewe."

"Na chuma, Profeseri?" Hilaire aliuliza.

"Wale wa Ulaya waliandika, papa. Wamefurahi sana. Wanaomba mafoto ingine, za nyuma ya shingo."

"Na chuma?"

"Ndege hazishuke."

Akawaachia karatasi moja, lile la foto. Kahindo alikufa asubui moja, akikaa, wakati papa yake alikuwa kwa robine ya maji anaosha kikombe.

Kwa maziko, foto ya marehemu ndiyo inatangulia, mutoto wa famiye anaibeba mbele ya musalaba. Za zamani zilibakia Kiwanja chini ya kitanda. Tangu shavu livimbe, Kahindo hakukubali tena kupigwa foto na mutu, za hopitali zilimutosha. Kwa hiyo Hilaire alibeba lile karatasi mupaka mutaa wa Majengo, kwa studio ya Théogène, mupiga foto.

"Ni hii tu, papa?"

"Ni hii."

Théogène alitia foto ndani ya ordinatere, kompyuta yake. "Kivimba isikusumbue." Akasogeza mukono, akabonyeza, akapangusa. Shavu likashuka. Taya likarudia pahali pake, kuume kama kushoto, mudomo ukafunga. Chai yenye Théogène alimupa Hilaire ilikuwa ingali moto. Aliona kidevu cha mama yake Kahindo.

"Umeona? Ni kitu mwepesi sana," Théogène alisema. "Shida ni hapa juu. Chini ya huu weusi hakuna kitu, papa. Walifuta kabisa. Macho yake ilikuwa namna gani?"

Hilaire aliangalia ule weusi. "Ilikuwa ya kucheka."

"Ya kucheka ninayo mingi." Hakuwa anamuchekelea, ni kazi yake. Akamupatia telefone. "Hii ni ya bibi-arusi wa Mabanga. Hii ya mwanafunzi. Hii sijue ya nani. Uchague, nitaweka. Haraka kidogo, kura ya umeme inaweza kwenda."

Hilaire alipangusa vidole kwa vesto. Akaanza kupitisha macho ya watoto wa watu, moja kisha ingine, akitafuta yenye ingemutambua.