Shingo ya Mkwilima

...na shingo yenyewe bado haijageuka, imesimama pale mbele kama kigingi cha kufungia ndama, jasho linatoka kwenye nywele linaingia kwenye kola, kola imekunjika upande mmoja, huyo mwanamke wa Inyonga aliyemuoa hana pasi?, na Mama Kabula anaiangalia kwa jicho moja kutoka ndani ya khanga aliyojifunika gubigubi, jicho moja si kutazama, hakuna atakayesema umemtazama mkweo kwa jicho moja, ni kuhakikisha tu kwamba shingo iko pale ilipo, na gari nalo liko pale lilipo, magurudumu ya nyuma yamezama kwenye tope mpaka ekseli, katikati ya mbuga ya Katisunga, jua utosini, na trekta walilosema linakuja kuwavuta halionekani hata vumbi lake... Vénérande jirani yake, aliyekaa kushoto, anajipepea kwa kipande cha boksi la biskuti na kusema, anasema tu, yule toka wametoka Sitalike asubuhi hajafunga mdomo, eti Mama Kabula, huyu dereva wamemuokota wapi, kwetu Katumba hata mwenye mkokoteni wa punda anajua kurudi nyuma, eti Mama Kabula, unanisikia?, anamsikia, nani asiyemsikia, viboko wa mto Katuma kule wanamsikia, lakini amjibu nini, amwambie huyu dereva ni Enoka, mume wa marehemu Kabula wangu, mkwilima wangu?, Vénérande amehamia Kasekese juzi juzi tu, msiba hakuukuta, akiambiwa hapa hapa atageuka mbele amsalimie, pole sana baba, kumbe ni wewe, na shingo ile itageuka kujibu, halafu uso kwa uso, mama mkwe na mkwilima, mwiko wa Wasukuma wote, kwenye boksi la bati, hapana, heri wazame wote mpaka paa.

Safari hii hakuitaka, kwaya ya akina mama ndiyo iliyoitaka, utalii wa ndani, utalii wa ndani, kama kuku waliosikia pumba, yeye na goti lake bovu angebaki nyumbani na mjukuu, angebaki na Hana wake wakipepeta ulezi, lakini mtoto mwenyewe ndiye aliyemwambia bibi nenda, ukirudi unihadithie twiga, basi akaja kwa ajili ya twiga, akawekwa kiti cha nyuma ya dereva kwa sababu pale goti linanyooka, dereva waliyemzoea ana malaria, wakaambiwa yupo mwingine anakuja, na mwingine akaja, akafungua mlango, akakaa, akainua mkono kurekebisha kile kioo cha katikati, na kwenye kioo Mama Kabula akaona jicho, na jicho likamwona... kufumba na kufumbua kioo kimesukumwa juu kinatazama dari, na khanga imeshuka usoni, na saiti mira ya dirishani ikakunjwa nayo, kwa sababu hata mle ndani alikuwemo, uso wake wote na mdomo wazi, na hakuna aliyegundua kitu, wanakwaya walikuwa wanagombania dirisha... Ashuke?, aseme nini, gari zima lingeuliza kuna nini, kesho Kasekese nzima ingekuwa na jibu, na goti lilikuwa limeshanyooka.

Huyu Method mwongozaji, kijana wa watu, anaongea kama redio, karibuni sana akina mama, mwezi kama huu mbuga yetu inakuwa jangwa kamili, wazungu wanalipenda sana jangwa letu, na akina mama wakasema aaa, naye ndani ya khanga akawaza jangwa gani lenye viboko, jangwa gani ambalo chini ya ukoko lina uji, mbuga hii anaijua tangu walipotoka Meatu na ng'ombe, juu imekauka na kupasuka pasuka, ukikanyaga inalia kama mkate mkavu, chini tope jeusi linangoja tu, kama maneno ya mke mwenza, na walikuwa wanakwenda vizuri kwenye njia mpaka wale tembo waliposimama mbele, jike na mtoto wake, masikio yamefunguka kama milango ya ghala, Method akasema rudi nyuma taratibu, piga rivasi, na shingo haikugeuka. Sasa mtu anarudije nyuma bila kutazama nyuma. "Kaka, geuza shingo basi, nyuma kweupe." Si kweupe, nyuma yupo mama mkwe, lakini nani atasema, Enoka akakata usukani kulia, akaingia mbugani aizunguke ile njia kwa mbele, mbele tu, kila kitu mbele, gari likapita juu ya ukoko kama linaelea, wanakwaya wakapiga vigelegele wakadhani ndio utalii wenyewe, halafu nyuma kukasema pwaa, kukakaa.

Na alivyoshuka na koleo!, hapo hata yeye chini ya khanga nusura acheke, magurudumu yaliyozama ni ya nyuma, na nyuma huko ukichimba dirisha la mama mkwe liko juu ya kichwa chako, basi yeye akachimba ya mbele, yaliyo kwenye ardhi kavu, anachimba kwa bidii kama anazika mtu, akina mama wakashikana mabega, nyie mwangalieni, anachimba choo, huyu leseni yake aliipata kwenye mnada, na mwanamume mzima akachimba, akainama, akatukanwa, akarudi akakaa hapo alipo, mikono juu ya usukani, na Method akamwambia mbele za watu wote kwamba mwenye gari ataambiwa, kwamba gari la watalii hutapewa tena, na Enoka akasema "Sawa," sawa tu, neno moja lenye vumbi. Sasa wanakwaya wameshuka wamejibanza kwenye kivuli cha gari upande wa pili wanaimba pambio kwa uvivu, Method yuko juu ya paa ananyoosha simu mbinguni, viatu vyake vinatembea juu ya vichwa vyao kwaa, kwaa, na ndani wamebaki watatu, goti, mdomo na shingo.

...joto hili lina usingizi ndani yake, mbali kule mbuga imeanza kuyeyuka, maji ya uongo yamejaa mpaka kwenye miti, yanang'aa, yanapumua, twiga amesimama hana miguu, na ndani ya yale maji ng'ombe wanapita, ng'ombe wa baba Kabula, wale wa mwaka wa kuhama, wale waliouawa wote na ndorobo, wale mbung'o, wanapita bila kelele na kengele zao hazilii, na nyuma yao yeye mwenyewe, kijana, ana kiuno, ana goti, mgongoni amebeba mtoto aliyemzaa njiani chini ya turubai mvua ikinyesha, ndiyo maana akaitwa Kabula, wa mvua, na mtoto anashuka mgongoni anatembea mwenyewe juu ya ukoko, anakua huku anatembea, sasa ana matiti, sasa ana kitenge kile cha bluu, tope halimshiki, anatembea tu... anacheka, Kabula na kucheka, siku ile ya kwanza huyu Enoka alipoletwa nyumbani, Mbende kutoka milima ya Mwese, kwao heshima kwa wakwe ipo lakini si ya kufunga shingo, akaja mzima mzima na mkono wake, shikamoo mama, akamshika mkono mama mkwe akautikisa kama anapampu maji!, mashangazi wakapiga yowe, shemeji mmoja akaangusha chungu, na Kabula akacheka mpaka akakalia majivu. Halafu akamfundisha. Pale pale uani, kama mtu anayemfundisha ndama kunywa, mama akitoka jikoni wewe tazama kuku, mkikutana njiani ingia majanini, kitu ukimpa weka chini aokote, jina lake usilitaje hata kwenye ndoto, na Enoka akawa anatazama kuku, kila akija anatazama kuku, mpaka kuku wakaanza kumwogopa, na bado alikuwa anakosea, anasahau, anageuka, Kabula anamfinya ubavuni, miaka yote ile anamfinya ubavuni...

Vénérande anasema kitu kuhusu maji, kuna chupa moja huko mbele, mwambie dereva atupe, anasema yeye mwenyewe amechoka hata kuinuka, sauti yake imeanza kulegea, boksi la biskuti linapepea polepole... na ile siku ya Mwese nayo inaingia, nani ameifungulia mlango, siku ya mvua, mimba ya pili imegeuka vibaya, barabara ya Mwese imekatika, na huyu huyu akampakia mkewe kwenye pikipiki, amefungwa naye kwa kitenge mgongoni, akashuka naye mlima, akafika naye Mpanda asubuhi, na Mpanda wakampokea marehemu na mtoto wake tumboni, dereva gani huyo, Mama Kabula alisema msibani kwa sauti, akauuliza ukuta, dereva gani anayefikisha magunia na hafikishi mke, na Enoka alikuwa uani ameinama, anatazama kuku. Hakulia. Ndilo alilomshikia, hakulia, halafu udongo haujakaa sawa akaoa Lucia wa Inyonga, halafu sasa anatuma baba yake mdogo, mzee Josephat, na kofia mkononi, kusema Hana arudi kwa baba yake aanze shule huko, mtoto si ndama, Mama Kabula alimjibu, lakini nendeni, Jumapili nitawapa neno langu, na neno lenyewe alikuwa nalo tayari kinywani, hapana, limeiva kabisa, mtu aliyekwisha kumsahau mwanangu hawezi kupewa kilichobaki cha mwanangu, atamlea na nini, na kwani Hana akiondoka nani atamtungia uzi kwenye sindano, nani atamuuliza maswali ya kipumbavu mpaka usingizi umshike, bibi, ng'ombe akiota anaota majani?

Mtu aliyekwisha kumsahau... shingo ile, nzi ametua pale chini ya sikio na hamfukuzi, kwa nini hamfukuzi, akimfukuza kichwa kitapinda, ukipinda kichwa upande huu utaona ncha ya khanga, anajua, anajua mpaka khanga inapoishia... Subiri. Subiri kidogo. Kabula hayupo. Ubavu ule hauna wa kuufinya. Mke akishakufa na mwingine ameshaingia ndani, hata Wasukuma wenyewe wapo wanaolegeza, anapita barabarani anakupungia mkono, habari ya siku mama, na hakuna wa kumtoza faini, na huyu si Msukuma, huyu kwao hakufungwa hivi, angegeuza shingo leo asubuhi, mara moja tu, tembo wako mbele, watu wanapiga kelele, nani angemlaumu, angegeuka, gari lingerudi, kazi ingebaki, asingeitwa mchimba choo... na hata baada ya kuzama angeweza kufungua mdomo, akina mama nisameheni, nyuma yangu yupo mkwe wangu, basi, wote wangenyamaza, wangemhurumia, lakini wangegeuka wote kumtazama mwanamke mzee aliyejifunika, wangemshusha na goti lake juani, naye kijana akaona heri atukanwe yeye. Sawa, alisema. Mama Kabula anahesabu hili jambo kama anavyotafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto, anarudi, anapapasa tena, hakuna kingine ndani yake, ni hilo hilo. Amri za Kabula bado zinafanya kazi. Aliyetoa amri yuko chini ya udongo na bado kuna mtu anatii mpaka gari linazama.

Haimaanishi amesamehe, asije mtu akasema Mama Kabula amelainika, kwanza huyo Lucia atapigwa jicho, mtoto akirudi na ukurutu kichwani patachimbika, na likizo zote ni za Kasekese, zote, na wakati wa kuvuna... Vénérande amenyamaza. Kidevu kimeshuka kifuani, boksi la biskuti limeanguka miguuni, juu ya paa viatu vya Method vimesimama, anasema haloo, haloo, mnanipata, na hawampati, pambio la wanakwaya limekwisha na hakuna aliyeanzisha jingine, maji ya uongo yamesogea karibu mpaka mtu anaweza kuyanusa, na Mama Kabula anaona mdomo wake mwenyewe unafunguka, neno linatoka limekwaruzika, na anamgeukia Vénérande aliyelala, anamwambia yeye, kwa sauti ya kutosha gari dogo:

"Vénérande. Yule mtoto akienda kwa baba yake, waambiwe hali dagaa, anatapika. Na usiku anainuka anatembea huku amelala, asiamshwe kwa kelele. Mlango uwekewe komeo juu, asikofika."

Vénérande anakoroma. Shingo haijageuka. Mikono iko juu ya usukani, na Enoka anakiambia kioo cha mbele, polepole, kama anayesoma maandishi yaliyo mbali:

"Komeo la juu lipo. Lipo tangu wakati wa mama yake."

...naye hakujua, Kabula hakuwahi kumwambia kwamba aliendelea kutembea usiku hata kwa mumewe, alidhani iliisha alipovunja ungo, na huyu hakuja hata siku moja kulalamika kwamba nimepewa mke anayetembea usingizini, alipanda juu ya kigoda akapigilia komeo, akalala, na hakuling'oa, mwanamke mwingine ameingia ndani na komeo liko juu pale pale... mbuga inayeyuka, trekta hakuna, tope limeshika gari kama lilivyoshika, na Mama Kabula anavuta khanga vizuri usoni, anakohoa, anamwambia tena Vénérande aliyelala kwamba dagaa hali, lakini maharage, akipewa maharage, anamaliza sahani.