Koti Lililonywea la Ovide Thibert

Sleji, magari ya kuteleza juu ya theluji, zilikuwa zimeshaondoka kwenye kambi yetu ya wakata miti, farasi wanatoa mvuke puani, na Ovide Thibert alikuwa akikimbia nyuma yetu huku akivuta koti lake lifunge. Halikufunga. Mimi nilikuwa naendesha sleji ya mwisho. Nikamwambia apande kwanza, hayo mengine tutayaona mtoni.

Ulikuwa mwezi wa nne, kaskazini mwa Michigan, barafu inakatika, na magogo tuliyokata majira yote ya baridi yanangoja kushushwa na maji hadi ziwani. Baba yake Ovide aliifanya kazi ya kuyashusha, kusimama juu yake majini na kuyaongoza, na kaka zake watatu pia. Yeye ilikuwa mara yake ya kwanza, na hakuwa na jambo jingine kichwani. Lakini mnyapara, Lachlan Gillis, alikuwa na sharti moja: hasimami juu ya gogo mtu asiye na koti la sufu linalofunga mpaka shingoni. Sufu hata ikilowa ina joto. Mwaka wa nyuma mtu alitumbukia na koti la pamba, tukamzika.

Kosa Ovide alilifanya mwenyewe, mwezi wa kumi na moja. Koti alishonewa na Mama Philomène Lavigne, chotara wa Kifaransa na Kiojibwe, kabila la wenyeji wa kule, ambaye kwao wamekuwa wakikata makoti hayo kutoka kwenye mablanketi tangu enzi za bibi yake. Sufu nzito ya mirabaraba myekundu na myeusi, vifungo safu mbili, kola pana ya kuinua wakati wa upepo, mifuko yenye vifuniko. Kifuani huacha nafasi ya ngumi mbili, kwa sababu mvua na jasho hulifanya koti linywee kidogo kidogo, na kufikia siku ya kushusha magogo limekuwa kipimo chako.

Ovide alilijua hilo kama sisi sote. Ila wenzake walimwuliza humo ndani amemficha nani, akashindwa kuvumilia. Jumapili, tulipokuwa tunachemsha nguo kuua chawa, akalitumbukiza na koti. Lilitoka limemkaa sawasawa, akatembea nalo kambini kama bwana harusi. Kisha mvua na jasho vikaendelea na kazi yao.

Mtoni tulimkuta Mama Philomène ndani ya hema lake, anatia viraka. Alilipindua koti, akamwuliza alilichemsha kwa muda gani. Ovide akasema kidogo tu. Mama akaniuliza mimi. Nikasema mpaka viazi vya mchana vilipoiva.

"Haya makoti zamani yalifika magotini," alimwambia Ovide. "Bibi yangu akayafupisha, maana watu walikuwa wanakwama kwenye theluji. Yeye alikuwa na sababu. Wewe yako ipi?"

"Walinicheka, mama."

"Basi kaa tayari kuchekwa tena."

Blanketi la kukata hakuwa nalo tena. Sufu nene iliyokuwepo ilikuwa ya kumfunikia farasi wangu, ya manjano, na ilinuka farasi. Alisema atapasua mbavuni na makwapani, atie vipande. Watu walikuwa wameshajaa mlangoni. Fintan Roarke, mwenzetu wa kambini, akauliza kama Ovide atalala bandani na farasi au atarudi kula na binadamu. Ovide aliichukua ile sufu, akamkabidhi Mama Philomène.

"Kata, mama," akasema.

Kabla ya saa sita likawa tayari. Gillis alikuja akavuta kifungo kimoja kimoja, akamwambia Ovide anyanyue mikono, akanusa.

"Linafunga," akasema. "Nenda. Lakini usisimame upande unaotoka upepo."

Ovide alishusha magogo miaka kumi na mmoja, akaacha kwa sababu ya magoti, akafungua duka la samaki. Mwaka mmoja tu baada ya koti lile, watu wawili walimwomba Mama Philomène vipande vya makwapani, kwa kuwa waliona mikono inanyanyuka vizuri. Akawatilia, vya kijivu. Alifariki kwa uzee. Fintan alimwoa dada yake Ovide. Farasi wangu alipata mafua wiki ile, akapona. Gillis alihamia magharibi, akatuandikia barua mbili.