Utando Uliovumilia Maji

Wiki ileile aliyomzika pacha wake, mkemia alirudi maabara. Mkuu wake alipomsihi apumzike, alijibu kwamba nyumbani kuna watu wengi mno. Akavaa koti jeupe na glavu, akaketi.

Kazi yake ilikuwa kuunganisha chembe za polima, vitufe vya plastiki vidogo kuliko vumbi, viwe utando wa kufunikia majeraha ya moto. Kila chembe aliivika kemikali ili zikikutana zifungamane zenyewe. Kwa muda mrefu zilikuwa zikimchezea shere: zikikauka zinashikana, zikioshwa zinasambaratika, unabaki na maji meupe tu.

"Leo zitakuonea huruma," alisema fundi wa mashine, ambaye wote walimwita Mbavu kwa wembamba wake. Papo hapo akajutia maneno yake. "Samahani, dada."

"Ya nini? Nipe maji."

Aliumwagia utando maji, akautikisa, akaunyanyua kwa kibano. Ulining'inia, mwembamba kama ganda la kitunguu, wala haukukatika. Chini ya darubini chembe zilikuwa zimebanana bega kwa bega.

Mbavu akapiga kelele, watu wakaja mbio kutoka vyumba vya jirani.

"Hongera, mama," mkuu alisema. "Umetutoa kimasomaso."

Aliwatazama wakicheka. Alijua hiyo ni furaha, kama mtu aliyeshiba anavyojua kwamba chakula kilicho mbele yake ni kitamu.

Simu ikalia. Alikuwa shemeji yake, mume wa marehemu.

"Shemeji, nguo zake nifanyeje? Mama anasema zigawiwe."

"Nakuja. Usizifue tu."

Jioni alizikuta zimerundikwa kitandani. Akachukua sweta la kijani, akalivaa. Lilimkaa sawasawa. Mtoto wa marehemu, msichana aliyeanza shule juzijuzi, akatokea mlangoni, akaganda.

"Mama mdogo," alisema kwa sauti ndogo, "vua."

Akalivua. Akalikunja polepole, mikono ikifanya kazi yenyewe. Alingoja machozi, hayakuja.

"Umekasirika?" mtoto akauliza.

"Hapana."

"Mimi nimekasirika."

"Haya. Kasirika tu, mwanangu."

Mtoto akaketi sakafuni, akampa mgongo. Naye akaketi karibu yake, asimguse. Kutoka jikoni shemeji akauliza kama watakula. Baadaye kidogo mtoto akamwegemea, mzito, mwenye joto, akapitiwa na usingizi.