Jembe Kwenye Bustani ya Airisi

Jina la mji ule halikuwahi kukaa sawa mdomoni mwa Pasikali. Kila akilijaribu, dada mkalimani alifunika mdomo kucheka, kwa hiyo Pasikali akaubatiza mji mzima Kasulu ya Pili, maana nao, kama Kasulu ya kwao, ulikuwa na vilima, na mvua yake ilikuwa na kiburi kilekile. Alikuwa amepelekwa Japani kusomea vitalu vya miti na maua, pamoja na vijana wa nchi nyingine, na ndani ya wiki mbili wote walishajua kwamba Pasikali akifungua mdomo ni kicheko.

Siku hiyo walitembelea bustani ya maua ya jiji. Mwezi wa sita kule ni msimu wa maua ya airisi. Yalikuwa yamesimama kwenye maji kama mpunga, majani yamechongoka kama panga, maua ya zambarau, meupe, na mengine ya rangi ya mbingu inayotaka kunyesha. Watu walipita polepole juu ya njia za mbao, miavuli mkononi, wakinong'ona kama wako kanisani. Mzee mmoja alipiga magoti kulipiga picha ua moja kwa muda mrefu, utadhani analiombea pasipoti.

Siku nyingine Pasikali angelisema hilo kwa sauti. Leo aliishika tu simu.

Kabla hajaondoka kijijini kwao Kumsenga, mama yake, miguu imevimba kwa presha, alimuuliza, "Hayo maua unayoyafuata mpaka Japani, yanaliwa?"

"Yanaangaliwa, mama."

"Yanaangaliwa tu? Na watu wazima?" Mama alicheka mpaka akashika ubavu. "Basi ukifika unionyeshe kwenye simu, nijionee upuuzi huo."

Sasa amefika, na simu ya mama haipatikani tangu Jumapili. Dada yake Kezia, mwenye duka la vitenge Kasulu, kwanza alisema chaji. Kesho yake akasema mtandao. Jana akasema mama amelala. Mama, alale mchana, mwezi wa kung'oa maharage!

Pasikali alizijua lugha hizo. Kwao mtu aliye mbali hapelekewi msiba kwa simu. Huambiwa fulani anaumwa kidogo, aje aukute msiba mlangoni. Yeye mwenyewe aliwahi kumpigia binamu yake Nduwayezu, aliyekuwa Dar, akamwambia babu ana mafua. Mafua! Babu alikuwa ameshazikwa.

Akapiga simu ya video. Nyumbani kulikuwa asubuhi. Kezia alipokea, lakini kioo kilionyesha bati na kipande cha anga.

"Mwakeye, mama vitenge! Nionyeshe sura, nimechoka kuangalia maua."

"Mwakeye, kaka. Kamera inasumbua."

"Uko wapi?"

"Dukani."

Jogoo akawika, karibu kabisa.

"Siku hizi mnauza na jogoo?"

Kezia hakucheka. Kezia yule aliyewahi kutolewa nje ya ibada kwa kucheka.

"Mpe mama simu. Nimefika kwenye maua yake."

"Ngoja... msalimie baba mdogo."

Baba mdogo Melkiadi anaishi Kumsenga, na dukani Kasulu hakanyagi. Sauti yake ilikuja taratibu. "Mwanangu. Umekula?"

Tangu Pasikali azaliwe, Melkiadi hajawahi kumwita mwanangu bila kutanguliza "mjinga wewe".

"Baba mdogo, leo hujanitukana. Kuna nini?"

"Aa, hakuna neno. Wewe soma. Huku ni salama."

"Maharage mmeng'oa?"

"Maharage... yatang'olewa tu."

Simu ikakatika, au ilikatwa.

Mkalimani alikuwa akiwaita. Mtunza bustani, Mzee Hatanaka, mwenye buti za mpira mpaka magotini, alitaka wageni waonje kazi: wapalilie ukingo, kisha wapigwe picha. Akagawa vijembe vifupi. Wenzake walipokea huku wakimtazama Pasikali, wakingoja kichekesho. Mzee akamfikia, akamnyooshea jembe kwa mikono miwili, kwa heshima, kama watu wa kule wanavyompa mgeni kitu.

Pasikali hakunyoosha mkono.

Alipokufa baba yao, Pasikali akiwa bado mtoto, njaa ilimtuma nyuma ya nyumba na jembe achimbe viazi. Shangazi alimpokonya jembe, akamzaba kofi. "Unataka tumzike na nani mwingine?" Mtoto wa marehemu hashiki jembe mpaka matanga yaondolewe. Akishika, anakiita kifo kirudi.

Akilipokea, na mama hayupo, amemtukana kaburini. Akilikataa, na mama yupo, ni yeye aliyemzika kwa mawazo yake, tena mbele ya wageni. Jembe lenyewe dogo, zuri, lakini lilikuwa bado limeelekezwa kifuani kwake. Akaomba radhi kwa kidole, akapiga tena.

"Kezia, sikuulizi kitu."

"Eeh."

"Huku wamenipa jembe. Tunapalilia. Nishike?"

Nyuma ya Kezia alisikia watu wakikohoa, watu wengi, na benchi likiburutwa uani.

"Kezia. Nishike, au nisishike?"



"Usishike, kaka."

Wenzake walimwona akiweka mkono mmoja mgongoni kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, akainama kwa mzee namna walivyofundishwa, kisha akaendelea kuinama, chini zaidi, na hakuinuka. Wakaangua kicheko, Pasikali huyo ameanza! Mmoja akatoa simu arekodi.

Mzee Hatanaka ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alilirudisha jembe, akalilaza kwenye majani, akavua kofia.

Simu ilikuwa bado hewani, ikining'inia mkononi mwa Pasikali, kamera imeyaelekea maua majini. Kule Kumsenga Kezia alikuwa akilia sasa, bila kujificha, na kati ya kwikwi akauliza:

"Ndiyo hayo maua?"

"Ndiyo hayo."

"Mbona mengi hivyo, kaka."