Mlango wa Nyuma wa Chumba cha Vidonda

Muuguzi Ferista alikuwa na ombi moja tu: mlango wa nyuma wa chumba cha vidonda uwe unaachwa wazi. Mwezi uliopita dereva wa bodaboda alianguka barabarani, eneo la Mpemba, na kama ilivyo kawaida yao hapa Tunduma, kijiwe kizima kilimsindikiza hospitali. Waliingia naye hadi ndani. Ferista alipowaomba watoke ili amshone mwenzao, mmoja alimpiga kwa helmeti. Alikimbilia mlango wa nyuma, akaukuta umefungwa kwa kufuli, akabaki hapo amejikinga uso kwa mikono mpaka walipochoka wenyewe. Kidole chake cha kati hakikunjiki mpaka leo.

Kufuli lile liliwekwa na matroni Imelda baada ya glovu kuibwa. Alisema suala la mlango lisubiri mafunzo.

Mafunzo yakaja. Mkufunzi, Bwana Osward, alitoka Vwawa na bango kubwa la kitambaa. Alitufundisha kwa upole kwamba hasira ya ndugu wa mgonjwa ni hofu, kwamba tushushe sauti, na kwamba tusimame karibu na njia ya kutokea. Kisha akataka igizo, lifanyike ndani ya chumba chenyewe. Ferista awe muuguzi. Mimi nikachaguliwa kuwa ndugu mwenye hasira, na watu wakacheka kabla hata sijainuka, maana nikiita jina la mgonjwa, hata wa mbele ya foleni hasikii.

"Alinanuswe, leo usituue," alisema Aliko wa maabara.

Sikuweza kufoka. Nilikwenda tu kusimama kwenye mlango wa mbele, nikanyoosha mikono ikagusa fremu pande zote mbili. Ferista alinitazama, akaelewa. Aligeuka polepole, akashika kitasa cha mlango wa nyuma, akauvuta. Kufuli likagonga kwa nje. Akavuta tena. Kicheko kikapungua, kikaisha. Akauvuta kwa mikono yote miwili, na hilo halikuwa igizo. Nilitamani kumkumbatia, lakini mimi ndiye niliyekuwa nimemzibia njia.

Bwana Osward alipiga makofi. Alisema ni mfano mzuri sana, ila kwenye tukio halisi mlango huo ungekuwa wazi.

"Tukio halisi lilikuwa hivi hivi," Ferista akasema.

Matroni akatoa uamuzi palepale: ufunguo utakaa kwa mzee Zabron, mlinzi wa getini, na muuguzi akizidiwa amwite. Aliko akauliza sauti itafikaje getini. Matroni akamjibu kwamba tumefundishwa kushusha sauti, hatujafundishwa kuwa mabubu. Watu wakacheka tena. Kisha tukapiga picha ya pamoja, bango likiwa limetundikwa kuufunika mlango ule ule wa nyuma, kwa kuwa kwingine kote kulikuwa na rafu.

Soda zilikuwa bado mikononi pikipiki ziliposikika getini. Walimleta mwenzao aliyepasuka goti. Mzee Zabron, ambaye hurudishwa kwake kila jioni kwa lifti zao, aliwafungulia na kuwatangulia hadi chumbani, ufunguo ukining'inia shingoni. Siku hiyo hawakuwa wakali. Mmoja hata alimpa Ferista pole ya kidole. Ferista alishona goti lile mgongo wake ukigusa bango, wao wamemzunguka, helmeti mikononi.

Alipomaliza alinawa, akaenda kwa matroni kuomba uhamisho, arudi kwao Ileje, hata zahanati ya huko milimani ingemtosha. Nilimsindikiza, nikasimama nyuma yake.

Matroni alimsikiliza hadi mwisho. Alimtazama kwa huruma kabisa, kama mzazi.

"Ferista mwanangu, ungeniomba jana ningekuelewa," alisema. "Leo umeshapata mafunzo."