Gari la Baridi

Birindwa hakuwa mtu wa makuu, ila kwa Toyota yake alikuwa hajiwezi. Aliinunua mwaka wa tatu wa kuishi Buffalo, baada ya kukata nyama kiwandani hadi vidole vikakataa kukunjika. Ilikuwa ya buluu, na viti vyake alivivika nailoni ambayo binti yake Grâce aliichukia, maana ilimnata mapajani wakati wa joto. Kila Jumapili kabla ya ibada aliipangusa kwa kitambaa laini kuliko kile alichojifutia uso mwenyewe. Mkewe Nsimire alikuwa ameshazoea kuwa na mke mwenza mwenye magurudumu.

Sasa, Buffalo ina theluji, na theluji yenyewe haina neno. Ubaya uko kwenye chumvi wanayoimwaga barabarani ili barafu iyeyuke. Jirani yao wa pale Lower West Side aliinua zulia la gari lake siku moja akaona lami kupitia tundu la kutu, na tangu siku hiyo Birindwa akawa anaota chumvi. Mzee mmoja Mmarekani aliyefanya naye kazi akampa dawa: watu wa huku hununua gari la pili, bovu bovu, la kuteseka nalo wakati wa baridi tu, lile zuri likapumzika. Birindwa aliona hii ndiyo akili ya Kizungu aliyokuwa akisikia sifa zake tangu kwao Bukavu, Kongo.

Ndivyo alivyonunua Baridi. Jina lilitoka kwa Grâce, na lilifaa. Lilikuwa gari la kahawia lenye mlango mmoja wa kijani, na mlango huo ulifungwa kwa kamba iliyopita dirishani. Lilikohoa likiwashwa na kunguruma likizimwa. Lakini matairi yake ya theluji yalikuwa mapya, na lilipanda kila kilima bila kuteleza. Toyota ikavikwa turubai, ikaongezwa blanketi, ikafungiwa kwenye gereji ya yule mzee Mmarekani, mbali nje ya mji. Birindwa akaiaga kama mtu anayempeleka mwanawe shule ya bweni.

Jumapili iliyofuata alifika kanisani na Baridi, amevaa suti, akamfungulia Nsimire mlango kwa kufungua kamba. Waumini waliokuwa wakisalimiana nje waliacha salamu wakaitazama kamba. Mchungaji alimshika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Siku hiyo wakaimba wimbo wa kumngojea Bwana katika shida, na Birindwa aliuimba kwa sauti yake nene bila kujua kwamba unaimbwa kwa ajili yake.

Jumamosi akina mama wa kanisa walibisha hodi, wakiongozwa na Mama Immaculée. Walikuja na mchele, unga wa muhogo, mafuta ya mawese na ndakala, wale dagaa wa kwao, waliokauka vizuri. Wakapiga magoti sebuleni, wakamwomba Mungu aufungue mlango uliofungwa. Birindwa alidhani wanasema mlango wa kijani. Alipoelewa, aliwaeleza taratibu kwamba hajafilisika, kwamba Toyota ipo, ila anaificha kwa sababu ya chumvi. Kwamba yeye ni mtu wa magari mawili. Akina mama wakatazamana. Mtu mwenye gari zuri aliache limelala chini ya blanketi, yeye atembee na kitu kilichofungwa kamba! Mama Immaculée alimpigapiga begani, kisha wakaanza maombi mapya, safari hii ya kichwa.

Angeweza kuwapeleka gerejini wakaone. Lakini alijiuliza itakuwaje mwanamume mzima aongozane na wanawake wa kanisa kwenda kufunua gari blanketi, akaona aibu, akanyamaza. Zaidi ya hayo, ndakala walikuwa watamu.

Kimya hicho kilimponza. Siku hizi habari haihitaji nauli. Sauti moja ya WhatsApp ilitoka Buffalo ikaenda Columbus, na kutoka Columbus ikashuka hadi Louisville, kila kituo ikipakia mizigo. Ilipofika Shively, kitongoji cha Louisville, Birindwa alikuwa amefukuzwa kazi, ameuza Toyota, na akili yake si ile ya zamani. Na huko Shively ndiko alikoishi mzee Protasi, baba yake Alliance, msichana ambaye Bagula alitaka kumwoa.

Bagula alikuwa mdogo wake Birindwa wa tumbo moja. Alifanya kazi kwenye ghala moja huko Okolona, Louisville hiyo hiyo, na hakuwa na mzazi wala mkubwa mwingine duniani. Kwa desturi yao kijana hajiposei. Husimamiwa na baba, na baba akiwa hayupo, kaka mkubwa ndiye baba. Siku ya kupeleka posa ilikuwa imeshapangwa, Februari hiyo ya 2015. Bagula akapiga simu. Wazee wa upande wa msichana walikuwa wameanza kunong'ona, na shangazi yake Alliance, Mama Esperance, alikuwa amesema wazi kwamba hatatoa binti kwa ukoo uliochanganyikiwa.

"Yaya," Bagula alisema, akimwita kaka kwa lugha ya kwao, "bila weye siko na mutu. Bakikukatala weye, banani­katala miye."

Birindwa hakulala. Alimpenda Bagula, alikuwa amembeba mgongoni wakikimbia vita, mtoto hajui hata kufunga kamba za viatu. Asubuhi Nsimire alimwambia kwamba mdomo umeshashindwa, sasa Toyota ikaseme. Birindwa alitazama nje, akaona lori la chumvi likipita, akafumba macho. Kisha akaenda kuitoa blanketi.

Njia nzima hadi Columbus chumvi iligonga chini ya gari, na kila punje aliisikia mwilini. Nsimire alimwimbia nyimbo za kumliwaza. Columbus walilala kwa Mutua, Mkenya aliyekuja huku kusoma uhasibu na sasa ana kazi ya ofisini. Walikuwa majirani Nairobi siku za ukimbizi. Mutua alizunguka Toyota iliyogeuka nyeupe, akacheka hadi akashika kiuno.

"Buda, relax," alisema. "Kesho asubuhi tunaipeleka car wash, inaoshwa mpaka chini. Ukifika huko itakuwa inang'aa kama ya showroom."

Neno lake lilitimia kupita kiasi. Gari lilioshwa juu, likaoshwa chini, likapigwa nta; nailoni za viti zikapanguswa hadi zikameremeta. Upande wa kusini barabara zilikuwa kavu, na alasiri Toyota iliingia Shively safi kabisa, huku majirani wakichungulia madirishani. Birindwa alishuka amenyoosha mgongo. Aliona mapazia yakisogea nyumbani kwa mzee Protasi akajua kazi imekwisha.

Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza. Walikaribishwa, wakakalishwa kwenye sofa iliyoegemea ukuta, Bagula katikati akitoka jasho ndani ya suti. Vinywaji vikatolewa. Lakini salamu zilikuwa baridi, na Alliance hakuonekana, alikuwa bado chumbani akingoja kuitwa. Mama Esperance, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kichwa kilichosimama wima, aliwekwa kuwa msemaji wao. Hakuzunguka. Aliuliza lile gari la nje ni la nani.

Birindwa akasema ni lake.

"Bon," alisema Mama Esperance. "Buffalo batu banakuona na motokari ya kamba. Leo unakuya na mupya, nailoni iko ingali ku viti. Donc, mulienda kuikodi juu ya kutudanganya. Masikini hatumukatalake, papa. Tunakatalaka muongo."

Ilimkata Birindwa kifuani. Umaskini angeuvumilia, uongo hakuwahi kuitwa nao. Alieleza habari ya chumvi, na kadiri alivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika, kwa sababu nani amewahi kusikia gari la kulazwa msimu mzima kama mgonjwa? Nsimire alijitolea kwenda kuleta karatasi za gari. Mzee Protasi alitikisa kichwa. Alisema kambini walikotoka aliona karatasi za kila aina, hata za watu waliokwisha kufa. Bagula aliinamisha uso. Ilibaki kidogo tu watu waambiwe asante kwa kuja.

Ndipo Birindwa aliposikia sauti aliyoifahamu kuliko sauti ya mkewe, mngurumo mzito na mchakacho wa punje zikitawanyika. Louisville ilikuwa imetangaziwa theluji ya usiku, na lori la chumvi lilikuwa linashuka mtaa ule ule. Alitazama dirishani. Lori lilipita polepole karibu na Toyota, na chumvi ikamwagika juu yake, ikaruka kwenye milango na magurudumu, kwenye nta yote ya Columbus.

Mtu mwenye adabu haondoki mbele ya wakwe bila ruhusa. Birindwa alijua hivyo vizuri, na bado alijikuta amesimama. Bagula alimshika koti. Koti likabaki mkononi mwa Bagula. Aliomba maji ya uvuguvugu kwa sauti ya mtu anayeomba daktari, na mmoja wa akina mama wa nyumba ile, kwa mshangao, akampa ndoo. Kisha kaka mkubwa wa bwana harusi, baba wa posa, akatoka nje kwenye baridi, akamwaga maji kwenye milango, akalala chali barabarani na suruali yake ya suti, akaingia chini ya gari nusu mwili na kuanza kusugua kwa tai yake.

Ndani, Nsimire alifunika uso kwa mikono miwili. Bagula alikuwa karibu kulia.

Mzee Protasi akainuka, akaenda dirishani. Alisimama pale akitazama ile miguu miwili iliyotokeza chini ya Toyota, viatu vikitikisika kwa bidii ya kazi. Mabega yake yakaanza kutetemeka, na watu wakadhani ni hasira, hadi alipogeuka na machozi ya kicheko.

"Esperance," alisema, "motokari ya kukodi, nani anaioshaka?"

Mzee Protasi aliendelea kutazama nje. Alisema kama ukoo huo unatunza hivi kitu cha chuma, yeye kama baba hana tena la kuuliza juu ya binti yake. Akaagiza maji mengine yachemshwe, akavaa kofia, akatoka na birika mwenyewe. Alliance alikuwa ameshatoka chumbani bila kuitwa, na hakuna aliyekumbuka kumrudisha.

Waliporudi ndani Birindwa alikuwa ameloa kuanzia kiunoni, meno yakigongana, akiomba radhi kwa kila aliyekutana naye mlangoni. Hakuweza kukaa kwenye sofa ya watu vile. Mama Esperance, ambaye sasa aliona aibu na alitaka kuifuta, aliingia chumbani akatoka na suruali iliyopigwa pasi. Ilikuwa ya mzee Protasi, mtu mfupi na mwenye tumbo. Birindwa aliivaa, akaishika kiunoni kwa mkono mmoja, akasimama mbele ya wakwe kwa heshima zote. Na hivyo ndivyo alivyomposea mdogo wake binti wa mzee Protasi, akiwa ndani ya suruali ya mzee Protasi, nao wakamkubalia kabla hajamaliza kusema.